Tom Mboya (1930–1969): Maisha ya Mtafuta Karo ya Taifa

Utangulizi

Jina la Thomas Joseph Odhiambo Mboya linapotajwa nchini Kenya, aghalabu watu hukumbuka mambo mawili: uongozi wake katika vyama vya wafanyakazi na mauaji yaliyokatiza uhai wake katikati ya jiji la Nairobi mwaka 1969. Barabara yenye jina lake jijini humo, pamoja na sanamu yake iliyosimamishwa mwaka 2011 katika Barabara ya Moi, huwakumbusha wapita njia mambo hayo kila siku. Hata hivyo, lipo jambo la tatu ambalo huguswa kijuujuu tu katika masimulizi ya maisha yake, nalo ni jitihada yake ya kujibu swali ambalo halijapata jibu kamili hadi leo: nani alipe gharama ya elimu ya juu ya mtoto wa maskini?

Swali hilo halikuwa la nadharia kwa Mboya. Yeye mwenyewe aliacha shule kwa kukosa karo, na hakuwahi kusomea shahada katika chuo kikuu chochote. Pamoja na hayo, kati ya mwaka 1959 na 1963 mpango aliouasisi uliwawezesha vijana karibu 800 wa Afrika Mashariki kwenda kusoma katika vyuo vya Marekani, wakati ambapo serikali ya kikoloni haikuona haja ya Waafrika wengi hivyo kupata shahada. Makala haya yanafuatilia maisha ya kiongozi huyo kwa kuzingatia suala la gharama: jinsi lilivyomkumba utotoni, jinsi alivyolishughulikia alipokuwa kiongozi, na jinsi lilivyobadilika sura mikononi mwake alipokuwa waziri.

Kuzaliwa na Malezi

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge huko Kilima Mbogo, karibu na Thika. Wazazi wake, Leonardus Ndiege na Marcella Onyango, walikuwa wenyeji wa Kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria. Walikuwa wamehamia huko bara kutafuta riziki, na Ndiege alifanya kazi ya unyapara katika shamba hilo la walowezi. Vibarua wa shamba walitoka katika jamii mbalimbali, hivi kwamba mtoto aliyelelewa humo hakuwa na budi kuzijua lugha za jirani zake. Mboya alikua akizungumza Kikamba, Kikuyu na Kiswahili pamoja na Kijaluo cha wazazi wake. Umilisi huo ulimfaa sana baadaye, kwani aliweza kuhutubia wafanyakazi wa makabila tofauti bila kuhitaji mkalimani.

Baba yake hakuwa msomi, lakini alikuwa Mkatoliki aliyeamini kwamba wanawe wasome. Imani hiyo ilikuwa na bei. Shule nyingi zilizowapokea watoto wa Kiafrika zilikuwa za misheni, nazo zilitoza karo. Mboya alisoma kwanza huko Kabaa, Ukambani, kisha mwaka 1942 akapelekwa Shule ya St. Mary's, Yala, katika mkoa wa Nyanza. Mwaka 1946 alijiunga na Holy Ghost College, Mang'u, iliyokuwa miongoni mwa shule za Kikatoliki zenye sifa kubwa nchini. Kila hatua ya safari hiyo ya elimu iliuongezea mzigo mshahara wa nyapara ambaye alikuwa na watoto wengine waliongoja zamu yao.

Karo Iliyokatiza Masomo

Huko Mang'u, Mboya alifaulu mtihani uliomruhusu kuendelea hadi kiwango cha Cheti cha Cambridge. Cheti hicho ndicho kilichokuwa daraja la kuelekea Makerere. Kijana aliyekipata angeweza kuota ndoto ya kuwa mwalimu wa shule ya upili, daktari au afisa wa ngazi ya juu kwa kadiri ukoloni ulivyoruhusu. Aliyekikosa alibaki katika kazi za ukarani na ufundi.

Mwaka 1947 ulipomalizika, Ndiege hakuwa na uwezo wa kulipa karo ya miaka mingine miwili. Mboya aliondoka Mang'u akiwa na umri wa miaka kumi na saba. Hakufukuzwa wala hakushindwa na masomo. Familia ndiyo iliyoishiwa. Ni vyema kulitilia mkazo jambo hili, kwa kuwa serikali ya kikoloni ilizoea kueleza uchache wa Waafrika wenye elimu ya juu kwa madai ya upungufu wa akili au wa maandalizi. Kisa cha Mboya kinaonyesha mchujo wa aina nyingine, uliofanywa mfukoni kabla ya mtahini kuifikia karatasi.

Mwaka 1948 alijiunga na chuo cha kuwafunza wakaguzi wa afya jijini Nairobi. Njia hiyo ilikuwa fupi na ilielekea kwenye mshahara. Alihitimu mwaka 1950 na mwaka uliofuata akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Kazini alikutana na ubaguzi usiofichwa. Mkaguzi Mwafrika alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa Mzungu aliyefanya kazi ile ile. Mboya alisimulia baadaye kisa cha mwanamke wa Kizungu aliyeingia katika maabara na chupa ya maziwa ya kupimwa, akauliza kama mlikuwa na mtu yeyote humo, ilhali Mboya alikuwa amesimama mbele yake.

Licha ya hayo, hakuikata tamaa elimu. Aliendelea kujisomea kwa njia ya posta baada ya saa za kazi. Elimu ya namna hiyo ilikuwa na gharama ndogo, lakini ilidai ustahimilivu mkubwa, na haikuweza kumpa nafasi ya kukaa darasani na wenzake akabishana nao.

Chama cha Wafanyakazi kama Darasa

Mwaka 1952 Mboya alichaguliwa kukiongoza chama cha watumishi Waafrika wa Baraza la Jiji, na chini ya uongozi wake kikakua na kuwa Chama cha Wafanyakazi wa Serikali za Mitaa. Oktoba mwaka huo huo Hali ya Hatari ilitangazwa. Mwaka 1953 chama cha Kenya African Union kilipigwa marufuku, na Mboya, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, akawa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Viongozi wengi wa kisiasa walikuwa kizuizini. Mwaka 1954 msako mkubwa jijini Nairobi uliwakumba maelfu ya Waafrika, wakiwemo wanachama na viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Shirikisho likawa mojawapo ya majukwaa machache ambapo sauti ya Mwafrika ingeweza kusikika kihalali.

Machi 1955 makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma, Mboya aliteremka pwani, akazungumza nao na kuwaombea kwa waajiri hadi nyongeza ya mshahara ikapatikana. Sifa zake zilienea nchini kote. Lakini kwa mada inayojadiliwa hapa, funzo kubwa la miaka hiyo lilikuwa jingine. Chama cha wafanyakazi huishi kwa ada. Mtu mmoja akitoa shilingi yake, haionekani. Maelfu wakitoa, chama hupata ofisi, wakili na nauli ya kumtuma mjumbe ng'ambo. Haba na haba hujaza kibaba. Mboya alijifunza pia kuomba msaada kwa mashirika ya kigeni ya wafanyakazi na kuueleza ulimwengu wa nje dhiki ya Kenya kwa lugha iliyoeleweka huko. Mbinu hizi mbili, yaani mchango wa wengi nyumbani na urafiki wenye fedha ng'ambo, ndizo alizozitumia baadaye katika suala la elimu.

Mwaka 1955 alipata ufadhili wa kusoma kwa mwaka mmoja katika Chuo cha Ruskin, Oxford. Ruskin kilikuwa chuo cha watu wazima waliotoka katika tabaka la wafanyakazi, ambao hawakupata nafasi ya masomo walipokuwa vijana. Kwa mara ya kwanza tangu Mang'u, Mboya alikuwa mwanafunzi wa kutwa kucha, akisoma siasa, uchumi na uhusiano wa kazi. Alipomaliza mwaka 1956 alizuru Marekani kwa mwaliko wa kamati iliyotetea uhuru wa Afrika. Huko alikutana na William Scheinman, mfanyabiashara wa vipuri vya ndege. Urafiki wao ulizaa jambo dogo mwanzoni: Scheinman alianza kuwalipia nauli wanafunzi wachache kutoka Kenya waliokuwa wamepata nafasi katika vyuo vya Marekani.

Mlango Mwembamba wa Elimu ya Juu

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, yafaa kukumbuka hali ya elimu ya juu ilivyokuwa. Makerere, kilichokuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London tangu mwaka 1949, kilitegemewa na Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar kwa pamoja. Chuo cha Ufundi cha Kifalme jijini Nairobi kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956, na wakati huo hakikuwa kikitoa shahada za chuo kikuu kwa upana. Waliobaki nje ya vyuo hivi walitegemea nafasi chache za ufadhili wa kwenda Uingereza au India, ama mikopo ya hazina ndogo ambayo serikali ya kikoloni iliianzisha mwaka 1952 kwa ajili ya waliosoma nje ya Afrika Mashariki.

Serikali ilitetea uchache huo kwa hoja ya ubora. Ilidai kwamba ni heri wahitimu wachache waliopikwa wakaiva kuliko wengi walioiva nusu. Vyuo vingi vya Marekani vilidharauliwa, na shahada zake zikachukuliwa kuwa duni kando ya zile za London. Mboya aliikataa hoja hiyo. Kwake, uhuru ulikuwa unakaribia kwa kasi kuliko vyuo vilivyopanuka. Nchi ingehitaji makatibu wa wizara, wahandisi, walimu na wachumi kwa idadi ambayo Makerere pekee kisingeweza kuitoa. Taifa lingepata bendera yake na kubaki likiendeshwa na maafisa wale wale wa kikoloni.

Sauti yake sasa ilikuwa na uzito. Machi 1957 alikuwa miongoni mwa Waafrika wanane wa kwanza kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, akiwakilisha Nairobi. Desemba 1958 aliuongoza mkutano wa watu wa Afrika nzima uliofanyika Accra, nchini Ghana. Alipotua Marekani Aprili 1959, alipokewa kama kiongozi wa bara zima.

Gharama Iliyogawanywa

Ziara hiyo ya mwaka 1959 ilidumu kwa majuma kadhaa. Mboya alihutubia hadhara ya watu katika ukumbi wa Carnegie jijini New York, akazuru vyuo, makanisa na mikutano ya wafanyakazi, na mwezi Mei akapokewa Atlanta na Martin Luther King, ambaye shirika lake lilikubali kuwasaidia wanafunzi wa Kiafrika. Chuo Kikuu cha Howard kilimtunuku shahada ya heshima. Popote alipokwenda, alibeba ombi moja: nafasi za masomo kwa vijana wa nyumbani.

Vyuo vingi viliitikia. Hapo ndipo ugumu halisi ulipojitokeza, na hapo ndipo ubunifu wa Mboya unapostahili kuchunguzwa na wanafunzi wa uchumi wa elimu. Gharama ya kumsomesha Mkenya mmoja huko Marekani, ikitazamwa kwa jumla, ilikuwa mlima usiopandika. Lakini jumla hiyo ilikuwa na sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ilikuwa karo ya chuo, na hiyo chuo chenyewe kingeweza kuisamehe. Kiti kimoja zaidi darasani hakiongezi gharama kubwa. Sehemu ya pili ilikuwa nauli. Tiketi ya ndege kutoka Nairobi hadi New York iliwashinda wazazi walio wengi, kwa hiyo vijana wenye barua za kukubaliwa walibaki nyumbani wakizitazama. Sehemu ya tatu ilikuwa fedha za matumizi, mavazi ya baridi na mahitaji madogo madogo.

Suluhisho lilikuwa kumpa kila mhusika sehemu aliyoweza kuibeba. Vyuo vilibeba karo. Kwa nauli, Mboya na Scheinman waliamua kukodi ndege nzima badala ya kununua tiketi moja moja, hivi kwamba gharama ya kila kiti ilishuka sana. Fedha za kukodi zilitafutwa na wakfu ulioundwa mwaka huo jijini New York kwa ajili ya wanafunzi wa Kiafrika. Jackie Robinson, mchezaji mashuhuri wa besiboli, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier walitia saini barua ya kuwaomba Wamarekani wachange, na maelfu wakaitikia kwa viwango vidogo vidogo.

Sehemu ya tatu iliachiwa nyumbani. Nchini Kenya familia ziliuza mifugo, vijiji viliandaa karamu za chai na ngoma za mchango, na jamaa wa mbali walitoa walichokuwa nacho. Mboya alishirikiana na Gikonyo Kiano, aliyekuwa amepata shahada ya uzamifu nchini Marekani, pamoja na Kariuki Njiiri, katika kuwachagua na kuwaandaa wasafiri. Mwanafunzi aliyepanda ndege alijua kwamba nauli yake ilitoka kwa watu wasiomjua na kwamba koti lake lilitoka kwa watu waliomjua mno. Tarehe 11 Septemba 1959 ndege ya kwanza ilitua New York ikiwa na wanafunzi 81.

Fedha na Siasa

Mwaka uliofuata nafasi zilizopatikana vyuoni zilikuwa nyingi kuliko uwezo wa wakfu. Michango midogo haikutosha tena. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliombwa msaada, ikakataa. Robinson, aliyekuwa akimuunga mkono Makamu wa Rais Richard Nixon katika uchaguzi wa mwaka huo, alijaribu kumtumia mgombea huyo kuishawishi wizara, lakini mwanzoni hakufua dafu.

Tarehe 26 Julai 1960 Mboya alikwenda Hyannis Port kuonana na Seneta John F. Kennedy. Kennedy alikuwa mwenyekiti wa kamati ndogo ya Seneti iliyohusika na Afrika, na ndiyo kwanza alikuwa ameteuliwa na chama cha Democratic kuwania urais. Baada ya mazungumzo, wakfu wa familia yake, uliopewa jina la kaka yake Joseph aliyefariki vitani, uliahidi dola 100,000. Habari zilipoufikia upande wa Nixon, Wizara ya Mambo ya Nje iligeuza msimamo ghafla na kutangaza kwamba ingetoa kiasi hicho hicho. Waliosimamia mpango waliikubali ahadi ya akina Kennedy. Seneta Hugh Scott wa chama cha Republican alimshutumu Kennedy hadharani kwamba alikuwa akitumia fedha za wakfu kujitafutia kura, na suala la nauli ya wanafunzi wa Kenya likaingia katika magazeti ya Marekani kama jambo la kampeni.

Septemba mwaka huo zaidi ya wanafunzi 200 walisafiri. Lengo lilitimia, lakini namna lilivyotimia ilifichua udhaifu wa ufadhili wa hisani. Fedha zilizokosekana mwezi mzima zilipatikana mara mbili kwa siku chache, kwa sababu uchaguzi ulikuwa karibu. Kama uchaguzi ungekuwa mbali, huenda vijana hao wangebaki nyumbani. Elimu iliyotegemea huruma ya mfadhili ilitegemea pia kalenda yake.

Waliosafiri na Walioachwa

Matunda ya mpango yalionekana upesi. Wangari Maathai aliondoka Kenya mwaka 1960 akasomea biolojia katika chuo cha Kikatoliki huko Kansas, akaendelea Pittsburgh, kisha akarudi Nairobi ambako mwaka 1971 alipata shahada ya uzamifu, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kufikia kiwango hicho. Mwaka 2004 alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobeli. Perez Olindo, aliyesafiri katika kundi la mwaka 1959, alirudi na kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza mbuga za taifa za Kenya. Pamela Odede, aliyesomea Ohio, aliolewa na Mboya mwaka 1962. Wengine wengi walishika nafasi katika wizara, vyuo na makampuni. Ni muhimu kusahihisha dhana moja iliyoenea: Barack Obama, baba wa rais wa 44 wa Marekani, hakusafiri kwa ndege hizo. Alikwenda Hawaii mwaka 1959 kwa njia nyingine, ingawa alikuwa rafiki wa Mboya.

Sifa hizo hazifuti maswali. Idadi kubwa ya wasafiri ilikuwa ya Wakikuyu na Wajaluo, jamii zilizokuwa zimefikiwa mapema na shule za misheni. Kijana wa Pwani, wa kaskazini au wa jamii za wafugaji hakuwa na barua ya chuo ya kuombea nauli, kwa kuwa hakuwa na shule ya upili karibu naye. Wanawake walikuwa wachache. Uteuzi ulikuwa mikononi mwa watu wachache waliojuana, na manung'uniko ya upendeleo hayakukosa. Hata waliofika Marekani, baadhi walifika na fedha zisizotosha. Walilazimika kufanya kazi za mikono ili wajikimu, na waliokwenda katika majimbo ya kusini walikutana na ubaguzi wa rangi waliodhani wameuacha Nairobi.

Isitoshe, mfadhili mmoja humvuta mwingine. Jaramogi Oginga Odinga, mpinzani wa Mboya katika siasa za ndani, alifungua njia ya kuwapeleka vijana katika Umoja wa Kisovieti na nchi nyingine za mashariki. Vijana wa pande hizo mbili walikuwa Wakenya wa umri mmoja na wenye kiu moja ya elimu, lakini waliporudi walitazamwa kwa nembo ya waliowalipia. Ushindani wa mataifa makubwa ulikuwa umeingia katika vyeti vyao.

Kutoka Mchango hadi Mpango

Baada ya kuwa Waziri wa Kazi mwaka 1962 na Waziri wa Sheria na Mambo ya Katiba mwaka 1963, Mboya aliteuliwa Desemba 1964 kuongoza wizara ya mipango na maendeleo ya uchumi. Sasa hakuwa mwombaji wa nauli tena. Alikuwa akikabili hazina ya taifa changa, huku kila kijiji kikidai shule, zahanati na barabara.

Mwaka 1965 serikali ilitoa Waraka wa Kikao Nambari 10 kuhusu ujamaa wa Kiafrika na mipango ya uchumi, ambao Mboya ndiye aliyekuwa mhimili wake. Katika waraka huo elimu ilielezwa kuwa huduma ya kiuchumi zaidi kuliko ya kijamii, kwa vile ndiyo njia kuu ya kuziba upungufu wa wataalamu. Mtazamo huo ulikuwa na mantiki. Ikiwa elimu ni uwekezaji, basi serikali ina sababu ya kuigharamia hata ikiwa maskini. Lakini ulikuwa na makali ya pili. Mwekezaji huuliza faida itapatikana wapi upesi zaidi, na waraka ulipendekeza rasilimali zielekezwe kwanza katika maeneo yaliyokuwa na uwezo mkubwa wa kuzalisha. Maeneo yaliyoachwa nyuma na ukoloni yalikuwa na hatari ya kuachwa tena.

Mmoja wa waliouhakiki waraka huo hadharani alikuwa Barack Obama, ambaye mwaka 1965 alichapisha tahakiki yake katika jarida la East Africa Journal. Mchumi kijana aliyesomea Marekani alihoji kama mpango huo uligawa mali ya nchi kwa haki. Tukio hilo lina maana kubwa kuliko mabishano yenyewe. Kizazi kilichovuka bahari kusoma kilikuwa kimerudi na uwezo wa kumkosoa waziri kwa hoja za taaluma, jambo ambalo Mboya mwenyewe alilitamani alipodai wasomi wengi badala ya wachache watiifu.

Kifo

Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, Mboya alipigwa risasi alipokuwa akitoka katika duka la dawa kwenye barabara iliyoitwa Government Road wakati huo, ambayo leo ni Barabara ya Moi. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane. Nahashon Njenga Njoroge alipatikana na hatia na kuhukumiwa kunyongwa, lakini shauku ya wananchi ya kujua kama alitumwa, na ni nani aliyemtuma, haikutulizwa. Mboya alizikwa Rusinga, kisiwa cha wazazi wake.

Mwaka mmoja baada ya kifo chake, Chuo Kikuu cha Nairobi kilizaliwa kama taasisi kamili inayojitegemea. Taifa lilikuwa na chuo chake, na ndege za kukodi hazikuhitajika tena kwa kiwango kile. Chuo kikuu kilichoko Homa Bay, katika eneo la asili ya wazazi wake, nacho kimepewa jina la mtu ambaye karo ilimzuia kufika chuo kikuu.

Hitimisho

Maisha ya Mboya yanaonyesha kwamba gharama ya elimu ya juu si kitu kimoja kinacholipwa na mtu mmoja. Katika muda wa chini ya miaka ishirini, aliona karo ikilipwa na mzazi hadi akashindwa, ikilipwa na hisani ya wageni, ikilipwa na mchango wa kijiji, na hatimaye ikiingizwa katika hesabu za serikali. Kila njia iliwafungulia baadhi na kuwafungia wengine.

Kenya imeendelea kuzungukia njia hizo hizo. Miongo ya mwanzo ya uhuru serikali ilibeba gharama karibu zote za mwanafunzi wa chuo kikuu. Katikati ya miaka ya 1970 ilianzisha mikopo, mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikawataka wazazi wachangie, na mwaka 1995 ikaunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Mwaka 2023 ulikuja mfumo mpya uliokusudia kumgawia kila mwanafunzi msaada kulingana na uwezo wa familia yake, nao ukazua malalamiko na kesi mahakamani. Wakati huo wote, harambee za kijijini hazijakoma. Kila mwaka barua za kukubaliwa vyuoni zinapotoka, jamaa na majirani hukutana kuchanga, kama walivyokutana mwaka 1959 chini ya miti na katika kumbi za makanisa.

Tofauti iliyopo ni hii: wakati wa Mboya, michango hiyo iliziba pengo la serikali ya kigeni isiyojali. Leo inaziba pengo la serikali iliyochaguliwa na hao hao wanaochanga. Mtoto wa nyapara wa leo akifaulu mtihani na kukosa karo, hapana mlowezi wala gavana wa kulaumiwa, na wajibu wa kumtafutia nafasi unabaki mikononi mwa taifa ambalo Mboya alitaka liwe na wasomi wa kutosha kuupima wajibu huo kwa hesabu na kwa haki.